Nyongeza Iliyokimbiwa

Asubuhi ile Doña Fructuosa Limachi alifika sokoni akiwa amelikumbatia jagi jipya la blenda kama mtu anayempeleka mtoto kubatizwa. Lilikuwa jagi la kioo kizito, lenye mfuniko mwekundu, na lilichukua glasi nne kamili bila kufurika. Alilipata jana yake baada ya kuwazungukia wauza vyombo wa La Paz nzima, akipanda na kushuka vilima mpaka magoti yakamwambia basi. Jagi lake la zamani lilipasuka miezi miwili iliyopita, na tangu hapo alikuwa akitumia lingine alilopewa na mpwa wake. Lilikuwa dogo, na udogo wake ndio uliomletea balaa.

Kwa maana katika safu ile ya wauza juisi, mteja hanywi glasi moja akaondoka. Anakunywa, anaiweka glasi mezani, na muuzaji anammiminia kile kilichobaki ndani ya jagi. Hiyo ndiyo nyongeza. Haiombwi, hailipiwi, wala haikataliwi. Mteja akishainywa ni wako. Atakuita kasera, nawe utamwita kasera, na kuanzia siku hiyo akionekana kwenye benchi la jirani yako ni sawa na mume aliyeonekana akifuliwa mashati nyumba ya tatu.

Sasa jagi dogo halibakizi kitu. Kwa miezi miwili nyongeza ya Doña Fructuosa ilikuwa funda moja na povu, na jirani yake, Doña Primitiva Chuquimia, hakuwa mtu wa kuona povu akanyamaza. Alilifikisha jambo hilo kwenye chama cha wauzaji mara mbili. Mara ya kwanza Fructuosa alionywa. Mara ya pili mwenyekiti wa chama, Doña Basilia, mwanamke mwenye sauti ndogo na sindano kubwa za kufumia, alimwambia mbele ya safu nzima kwamba mteja mmoja tena akiondoka bila nyongeza, kibanda cha pembeni, kile kinachoelekea mlango wa jua, atapewa mwingine, naye Fructuosa atahamia mwisho kabisa wa safu, kati ya vyoo na wauza vichwa vya kondoo.

Huyo mwingine hakuhitaji kutajwa. Aliyefuata kwa miaka ya kuuza alikuwa Primitiva, na tangu siku ile alikuwa akikitazama kibanda cha pembeni kama mtu anayepima madirisha ili akashone mapazia.

Kile kibanda kilikuwa cha mama yake Fructuosa. Fructuosa mwenyewe alijifunza kutembea akishikilia miguu ya meza ile, na hata sasa, akiwa na miaka sitini na mmoja, kulikuwa na siku alizokuwa akiishika hivyo hivyo.

Wateja wa kwanza wa jagi jipya walikuwa wageni wawili, kaka na dada kutoka Uholanzi, waliokuwa wameshuka ndege jana. Kaka, Tjeerd, alikuwa mrefu kiasi kwamba alipoketi kwenye benchi magoti yake yaligonga meza na machungwa mawili yakaviringika. Dada, Fenna, alikuwa amevaa begi lake kifuani badala ya mgongoni, na alilikumbatia muda wote hata alipokuwa akinywa, mpaka Fructuosa akamwonea huruma, akidhani labda tumbo linamsumbua. Msichana huyo aliongea Kihispania alichojifunza kwenye simu, kisafi na kilichonyooka kama shuka la hotelini. Aliomba juisi mbili za machungwa na papai, akalipa. Fructuosa aliichukua noti, akaipitisha juu ya mapapai, juu ya maembe na juu ya jagi jipya, kwa sababu mkono wa kwanza wa siku ndio unaofungua au kufunga mlango wa bahati. Akasaga, akamimina glasi mbili hadi ukingoni. Ndani ya jagi ikabaki nusu nzima, nzito, ya rangi ya jua la saa kumi na mbili. Alitamani Primitiva aione. Alilisogeza jagi kidogo upande wake ili aione vizuri zaidi.

Kisha akageuka kumenya chungwa moja zaidi la kuchangamsha nyongeza. Chungwa moja tu. Aliporudisha uso, benchi lilikuwa tupu, glasi mbili zilizomalizwa zimepangwa sambamba, na leso za karatasi zimekunjwa vizuri kando yake.

Doña Primitiva hakumsemesha yeye. Aliyasemesha mananasi yake.

"Mmeona, wanangu," alisema, akilipangusa moja vumbi. "Watu wamevuka bahari nzima kuja kwetu. Halafu nyongeza wameikimbia."

Kule upande wa pili, Doña Basilia aliacha kufuma. Aliziweka tu sindano mapajani, na Fructuosa aliyemjua kwa miaka mingi alijua maana yake: sindano zikikaa mapajani hadi mchana, kuna mtu atahama.

Fructuosa alitupa kitambaa juu ya matunda yake, akakandamiza mfuniko mwekundu, akalishika jagi kwa mikono miwili na kutoka sokoni.

Hawakuwa wamefika mbali. Aliwaona wakipanda ule mtaa wa wauza nguo, kichwa cha Tjeerd kikielea juu ya watu kama puto. Akawaita kwa heshima zote, akawaambia wasubiri, kwamba wameacha kitu chao. Fenna aligeuka. Akamwona mwanamke mnene mwenye kofia ya duara na marinda matano, anakuja kwa kasi huku ameinua jagi la kitu cha rangi ya machungwa. Uso wa msichana ukabadilika. Alimshika kaka yake mkono wakaongeza mwendo. Fructuosa naye akaongeza. Walipofika kwenye kona, wale wawili wakaamua mguu niponye.

Kosa halikuwa lao. Walikuwa na kitabu cha wasafiri, na ndani ya kitabu hicho, ukurasa wenye kona iliyokunjwa, kulikuwa na onyo: katika miji mikubwa ya huku, mtu usiyemjua atakumwagia kitu cha majimaji, kisha atakuomba radhi na kuanza kukupangusa, na mpaka amalize kukupangusa pochi yako itakuwa imeshapata mwenyewe mwingine. Wajihadhari hasa na watu wenye sura ya huruma. Na Fructuosa, masikini, alikuwa na sura ya huruma kupita kiasi.

Lakini katika mji huu hakimbii mtu aliyeshuka ndege jana. Hewa yenyewe ni chache, na kila mtaa unapanda. Mlima wa kwanza Tjeerd aliukimbia kama swala. Wa pili kama ng'ombe. Nyuma yao Fructuosa alikuja na mwendo ule ule, hahemi, kofia haijasogea hata unywele, na juisi ndani ya jagi haijagusa mfuniko. Watu walimpisha. Muuza soksi mmoja aliuliza kuna nini, na aliposikia kwamba wageni wamekimbia nyongeza alisikitika na kuelekeza kwa kidole, "Wameingia teleferiko."

Ni kweli. Wale ndugu walikuwa wamekiona kituo cha vile vyumba vidogo vinavyoning'inia kwenye waya, wakadhani wameokoka. Waliingia ndani ya kimoja, mlango ukajifunga, wakainuliwa. Fructuosa aliingia ndani ya kilichofuata.

Hivyo ndivyo ufukuzaji ule, ambao chini ulikuwa wa kasi, ulivyogeuka huko angani ukawa wa pole pole. Chumba cha mbele kilikwenda, na cha nyuma kilikwenda, hakuna aliyeweza kuchelewa wala kuwahi. Paa za bati na kamba za nguo zilipita chini ya miguu yao. Tjeerd na Fenna walikuwa wameketi wakitazama nyuma. Fructuosa aliketi akitazama mbele. Walitazamana kupitia vioo viwili kwa dakika kumi.

Ndani ya chumba cha Fructuosa alikuwamo pia bwana mmoja aliyepakata sinki jipya la kunawia. Bwana yule alilitazama jagi kwa muda, akauliza kama linauzwa. Fructuosa akamweleza mkasa wote. Mwenye sinki alitikisa kichwa, akasema vijana wa siku hizi hawajalelewa, kisha akafikiri kidogo, akasema labda papai ndilo lilikuwa na kasoro, na kwamba yeye yuko tayari kuonja ili ahukumu kwa haki. Fructuosa alilihamishia jagi upande wa pili. Baadaye, akiona wale wageni bado wanamkodolea macho, aliliinua juu kwa mikono miwili na kutabasamu, kama unavyomwonyesha mtoto kitu kitamu ili aache kulia. Ndani ya chumba cha mbele Tjeerd aliufunika uso kwa viganja.

Kituo cha mwisho kiko juu kabisa, El Alto, ambako hata wenyeji wa mabondeni hupumzika kidogo kabla ya kupanda ngazi. Tjeerd alikimbia hatua kumi na mbili. Ya kumi na tatu akakaa chini kwenye ngazi, mweupe kama jibini. Fenna alisimama mbele yake na begi lake kifuani, mikono imetanuliwa.

"Tafadhali, mama," alisema kwa kile Kihispania chake kilichopigwa pasi, "tunaomba usitusafishe."

Fructuosa alimtazama. "Niwasafishe? Kwani mimi nimewazaa?"

"Hatutaki kumwagiwa."

"Nani awamwagie? Papai hili nimelichagua tangu saa kumi na moja alfajiri, nije kulimwaga kwenye ngazi?"

Tjeerd, ambaye hakuelewa hata neno, aliamua kumaliza mambo. Alitoa pochi, akaiweka kwenye ngazi kati yao na kurudisha mkono upesi, kama mtu anayemlisha mbwa asiyemwamini. Fructuosa aliiokota. Akairudisha ndani ya mfuko wa koti lake, akafunga kifungo na kukipigapiga mara mbili.

"Funga hapa," alimwambia. "Utaibiwa."

Hapo Fenna alishusha mikono. Kwa mara ya kwanza alimtazama Fructuosa usoni badala ya kulitazama jagi, na Fructuosa akaketi ngazi moja chini yao, akapanga marinda yake, akaanza kueleza taratibu. Alieleza nyongeza ni nini. Alieleza habari za jagi dogo, na kibanda cha pembeni, na Doña Primitiva na mapazia yake, na vichwa vya kondoo. Fenna alimtafsiria kaka yake vipande vipande, na kila kipande kilipofika, masikio ya Tjeerd yalizidi kuwa mekundu, ingawa uso wenyewe ulibaki mweupe. Mwishowe alisema kitu kwa sauti ya mgonjwa.

"Anaomba maji," alisema Fenna. Kisha kwa haya, "Au hiyo. Anaomba hiyo, kama bado ni yetu."

Fructuosa alilikumbatia jagi. Alikuwa amepanda mji mzima ili ampe mtu huyu juisi, na sasa mtu huyu anaitaka, na yeye hawezi kumpa. Hapa shahidi ni nani? Ngazi, na mbwa mmoja aliyelala. Nyongeza ilipaswa kunywewa kule chini, kwenye benchi, Doña Basilia akiona. Alimwambia Fenna kwamba juisi itanywewa sokoni, si mbali, waya unashuka upesi. Akafungua fundo la shali yake, akampa Tjeerd majani ya koka, ambayo wenyeji huyatafuna kushinda hewa chache, atafune yamsaidie. Tjeerd alitafuna. Rangi haikurudi. Midomo yake ilikuwa imekauka mpaka imepasuka, na macho yake yalilifuata lile jagi kama macho ya ndama.

Mama yake Fructuosa alikuwa na neno alilolisema kila mara, hasa kwa wateja waliokuwa wasumbufu: mwenye kiu hapewi masharti. Fructuosa alijaribu kutolikumbuka neno hilo. Alitazama milima. Alitazama saa ya kituo. Mwishowe alishusha pumzi, akafungua mfuniko mwekundu na kumwekea kijana jagi zima mikononi.

Tjeerd alikunywa akiwa amefumba macho. Akampa dada yake, dada yake akanywa, akamrudishia. Funda la mwisho lilipokuwa linateremka kwenye ile shingo ndefu, Fructuosa alilifuata kwa macho mpaka chini, na ilikuwa kama anakiona kibanda cha mama yake kinateremka nalo.

Walirudi wote watatu kwa chumba kimoja. Tjeerd alikuwa amemwegemea Fructuosa begani, na kwa kuwa alikuwa mrefu sana ilimlazimu ajikunje mara mbili. Njiani Fenna alitoa kile kitabu akamwonyesha mchoro wa mwizi anayemwaga, akimwomba radhi tena na tena. Fructuosa aliuchunguza mchoro kwa makini.

"Huyu hana hata mfuniko," alisema. "Lazima amwage."

Sokoni walimkuta Doña Primitiva ameketi kwenye kibanda cha pembeni, anapunga nzi juu ya kitambaa cha Fructuosa. Alikuwa analinda, kama jirani yeyote angemlindia mwenziwe, adui au si adui. Alipowaona aliinuka upesi kama aliyekalia kaa la moto.

"Jagi tupu," alisema.

Doña Basilia aliuliza, kwa ile sauti yake ndogo, nyongeza iko wapi. Fructuosa akajibu kwamba wameinywa. Juu, kwenye ngazi za kituo.

"Na hizo ngazi," Primitiva aliuliza, "zitakuja lini kutoa ushahidi?"

Fenna alianza kusema kwamba ni kweli, wameinywa, lakini Doña Basilia aliinua kidole kwa upole. Mgeni aliyeletwa na mtu, tena kwa kushikwa bega, alisema, atasema lolote analotaka huyo aliyemleta. Si kosa lake, ni adabu. Na zile sindano zilikuwa bado zimelala mapajani. Fructuosa hakubisha. Aliishika meza kwa mkono mmoja, mahali pale pale palipolainika kwa kushikwa, akaanza kuwaza atayabeba vipi matunda yote yale hadi mwisho wa safu, na kama papai na kichwa cha kondoo vinaweza kukaa jirani bila kuambukizana harufu.

Tjeerd alikuwa haelewi lugha, lakini hakuwa mjinga. Alichokielewa ni kwamba akina mama wawili wamegombana na kwamba chanzo ni yeye. Kwao, mtu akisababisha ugomvi baina ya wawili, huwatendea wote wawili sawa. Kwa hiyo, kwa moyo mweupe kabisa, alivuka hatua tatu, akaketi kwenye benchi la Doña Primitiva. Mananasi mawili yakaviringika. Alilinyooshea kidole moja lao, akatabasamu.

Muuza ndizi wa kibanda cha nne alibaki na mkono hewani. Fructuosa aliongeza mkono wa pili kwenye meza. Kwa sababu Primitiva akimuuzia, mambo yatakuwa yameisha: maana yake mtu huyu hana kasera, na kama hana kasera, basi hajanywa nyongeza ya mtu yeyote.

Primitiva alijua hivyo kuliko wote. Mkono wake ulikuwa umeshalishika nanasi, kisu kimeshagusa ganda. Alichohitaji ni kumenya tu. Lakini kisu hakikwenda. Doña Primitiva alikuwa na dosari nyingi, na ulimi wake ulitosha kuwagawia akina mama watatu, ila kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kumwuzia mteja wa mwenzake hata tone. Aliwahi kumfukuza benchini hata wifi yake mwenyewe, siku ya ubatizo, kwa sababu alisikia kwamba wiki iliyotangulia wifi huyo alikunywa kwa mwingine. Sasa alimtazama kijana yule. Juu ya mdomo wake kulikuwa na sharubu za papai, na mbele ya shati mchirizi mrefu wa rangi ya machungwa uliokwisha kauka.

"Wewe," alisema taratibu, kama mtu anayeuliza swali asilotaka jibu lake, na akalionyesha jagi la Fructuosa. "Umekunywa ya yule?"

"Nyongeza," alisema Tjeerd kwa fahari. Ndilo neno pekee alilojifunza siku ile. Akaonyesha kwa mkono jinsi ilivyokuwa imejaa, na mkono wake ukapita kipimo cha jagi, ukafika kidevuni.

Primitiva alikiweka kisu chini.

"Basi una kasera wako. Toka kwenye benchi langu, baba. Mimi si mwizi wa wateja."

Alilisema kwa sauti iliyowafikia wauza vichwa vya kondoo. Ndipo naye akajisikia alichokisema.

Doña Basilia alizichukua sindano zake. "Primitiva ameshasema," alisema, na akaendelea na fundo alipoliachia.

Fructuosa alilisuuza jagi. Alishughulika. Alikata papai, akakamua machungwa, akasaga mpaka blenda ikalia, akawamiminia wageni wake glasi mbili hadi ukingoni. Waliketi mbele yake, magoti ya Tjeerd yakiwa yamekunjwa kwa tahadhari, na begi la Fenna sasa liko sakafuni, limesahaulika. Walikunywa. Wakaziweka glasi mezani. Halafu wakatulia tuli, migongo imenyooka, wakimtazama usoni, wala hakuna aliyethubutu hata kukohoa kabla hajalishika jagi.

Alipokuwa anawamiminia nyongeza, alihisi mtu amesimama karibu na kiwiko chake. Alikuwa Primitiva. Hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anautazama mfuniko mwekundu.

"Hilo jagi," alisema Primitiva, akipangusa meza isiyo yake kwa ncha ya aproni, "umelipata wapi?"

Fructuosa alifikiri kidogo. Ilikuwa raha kufikiri, na alifikiri kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ni mbali," alimjibu mwishowe. "Huwezi kupafikia peke yako. Kesho tukifunga nitakupeleka."

Kwenye benchi Tjeerd alikuwa amemaliza nyongeza. Aliiweka glasi chini, akatazama kushoto, akatazama kulia, akamwuliza dada yake kwa kunong'ona kama sasa inaruhusiwa kuondoka. Fenna alimwambia asisogee, kwa maana jagi lilikuwa bado na kitu ndani yake.